Aliyefungua Ndiye Afungaye

Kompyuta ya tatu kutoka dirishani ilipolala, ilishusha pumzi.

Lorna Kvamme alidhani ni feni. Kazi yake tangu mwaka uanze ilikuwa kuzilaza kompyuta na kuziamsha, kwa sababu mfumo mpya ambao kampuni ingeuuza dunia nzima mwezi wa Desemba ulijivunia jambo hilo: mashine ikiachwa inalala yenyewe, ikiguswa inaamka. Basi alilaza, akaamsha, akaandika, kisha akaanza tena. Usingizi wake mwenyewe alikuwa akiusikia kwa watu tu. Lakini feni haishushi pumzi kama mtu anayevua viatu baada ya safari, wala haitoi harufu ya koti la sufu lililolowa mvua.

Akafungua ripoti: “Mashine inapumua ikilala.” Aliona haya, akaituma hivyo hivyo.

Pale kazini kulikuwa na sheria mbili ambazo hata wakubwa hawakuzivunja. Ya kwanza, kila mpishi ale alichopika: mfumo ungali mbichi, wafanyakazi waliubeba hadi nyumbani wakautumia na watoto wao. Ya pili, ripoti ya hitilafu hufungwa na yule aliyeifungua, si mwingine, na mfumo hauendi kiwandani ikiwa hata ripoti moja iko wazi.

Lorna alikuwa amekwisha kuupeleka nyumbani. Aliuweka kwenye kompyuta ya jikoni, ambayo binti yake Tilda, wa darasa la pili, alichorea farasi. Tangu siku hiyo Tilda hakulala. Hakuwa na homa wala hakulia. Alikaa kitandani macho wazi hadi asubuhi, akaenda shule na macho yale yale. Daktari alisema ni wasiwasi wa masomo. Jirani yao, Bi Ostrander, aliyekaa na mtoto kila jioni Lorna akichelewa kazini, alileta supu ya kuku na kumsugua nyayo.

“Mwanangu, mtoto huyu ana uchovu wa mtu mzima,” Bi Ostrander alimnong'oneza Lorna mlangoni. “Nimezaa sita, na huu sijauona.”

Kwenye kikao cha ripoti, mkuu wao Duane alisoma huku akifikicha macho.

“Inajirudia?”

“Nikiwa peke yangu.”

“Basi haijirudii.”

“Duane, mwanangu halali.”

“Nani analala hapa? Mke wangu ananikaribisha kama mgeni.” Wakacheka kicheko cha watu waliokwisha. “Imebaki yako tu, Lorna. Andika kwamba ndivyo tulivyokusudia, uifunge. Tukapumzike.”

Qadir, aliyekaa meza ya jirani, alimfuata hadi kwenye mashine ya soda. Alitoka Hyderabad, na kwa kawaida alikuwa mtani. Siku hiyo alizungumza chinichini.

“Dada Lorna, usinicheke.”

“Sina nguvu ya kucheka.”

“Jana niliisomea Ayatul Kursi. Ikanyamaza. Nilipomaliza, ikashusha pumzi, kama mtu aliyekuwa akingoja hotuba iishe.” Alitazama nyuma. “Bibi yangu alikuwa akisema wenzetu hawa, majini, hawavuki kizingiti bila ruhusa. Hiki kimekaa mlangoni, kinamngoja mwenye mlango.”

“Naye nani?”

“Aliyefungua ripoti.”

Lorna alikwenda moja kwa moja nyumbani, akaing'oa ile kompyuta ya jikoni na kuitia gereji, nyaya zake akazitupa kwenye pipa la taka. Akarudi kazini akiwa amepumua kidogo. Bi Ostrander alipopiga simu, saa kumi na nusu jioni, nje kulikuwa kumeshaingia giza kama ilivyo mjini kwao Kirkland, huko kaskazini, kila Novemba. Tilda haonekani, alisema.

Lorna aliendesha gari mvuani, akaingia gereji bila kuwasha taa kwa sababu swichi ilikuwa mbali na miguu haikutaka kwenda mbali, na kabla hajaona chochote alisikia pumzi ikishuka polepole, harufu ya sufu mbichi ikamjaa puani, pumzi ikashuka tena karibu zaidi na usawa wa sakafu, na macho yalipozoea giza akamwona mwanawe ameketi kwenye saruji baridi, ameegemeza shavu kwenye ile mashine isiyo na waya hata mmoja, macho wazi, akiitikia kwa kichwa kama anayeelezwa jambo na mkubwa wake.

“Mama,” Tilda alisema, sauti imekauka. “Anasema amechoka kukaa mlangoni. Anasema ukiifunga ripoti yake ataniacha nilale.”

Lorna hakuwahi kulitamka neno ripoti mbele ya mtoto yule. Alimbeba hadi ndani, akamkumbatia usiku kucha, na mtoto hakufumba jicho.

Kesho yake meza ya Lorna ilizungukwa na watu. Keki ilikuwapo, na mvinyo kwenye vikombe vya plastiki. Lori la kupeleka diski mama kiwandani ikanakiliwe lilikuwa linanguruma nje. Wengine walikuwa wamesimama huku wakisinzia.

Qadir alimwinamia sikioni. “Dada, ikitoka hapa itaingia kila nyumba.”

“Mimi nina nyumba moja tu, Qadir.”

Akaandika kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Akatia jina lake, akaifunga. Watu wakapiga makofi ya kuchoka, na nyuma yao kompyuta ya tatu kutoka dirishani haikushusha pumzi. Safari hii iliivuta.

Alipofika nyumbani alimkuta Tilda amelala mezani, uso juu ya mchoro wa farasi, mate yakimtoka. Lorna aliketi sakafuni akalia kwa furaha. Hakujuta hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Mfumo ulipotoka, watu walipanga foleni mvuani nje ya maduka. Bi Ostrander naye alipanga, akarudi akiwa amelikumbatia boksi.

“Nimemnunulia mjukuu wangu Wesley,” alisema. “Nimemwambia hii ni kazi ya mikono ya Lorna wetu.”

Lorna alifungua mdomo amwonye. Ndani, Tilda alikuwa anakoroma taratibu, na Lorna akaogopa kuugusa usingizi ule. Akasema tu ahsante.

Haukupita muda, mlango ukagongwa alfajiri. Bi Ostrander alisimama na koti juu ya gauni la kulalia, macho mekundu.

“Wesley halali. Anakaa na ile kompyuta, anaongea na nani sijui.” Alimshika Lorna mkono. “Wako alipona. Ulimpa nini, mwanangu? Niambie, na mimi nikampe wangu.”

Lorna alitazama juu ya bega la mwanamke yule. Kilima kizima kilikuwa kinawaka taa, nyumba kwa nyumba. Jibu la kweli lilikuwa moja: nilichompa ni Wesley.

“Ingia, mama,” alisema. “Unalowa.”