Jiwe la Marehemu Mama

"Macho yangu hayajawahi kudanganyika," fundi cherehani alimwambia mteja wake, sonara wa duka la pili. "Isipokuwa nilipochagua mume. Na kitambaa cha suruali yako."

Sonara alicheka. Halafu akaona jiwe dirishani, juani, limekandamiza karatasi za kukatia nguo.

"Hili umelipata wapi, mama?"

"Kioo tu hicho. Kaniachia marehemu mama, na dada yangu akapewa lake kama hilo. Mponda kokoto kama yeye atapata wapi kito?"

"Kwenye hizo hizo kokoto."

Alilielekeza kwenye mwanga. "Kioo mara nyingi kina viputo. Humu hamna. Hebu nipe kipande cha chupa."

Alikikwaruza kwa ncha ya jiwe. Chupa ikachubuka mstari mweupe. Jiwe halikuwa na alama.

"Hii ni kwatzi, jiwe gumu kuliko kioo. Ya zambarau huitwa amethisti."

"Zambarau gani? Si limepauka kama tambara la kudekia?"

"Jua hilo. Limekaa hapa muda gani?"

Fundi alihesabu kwa vidole. "Miaka kumi na mmoja."

"Jua na joto hufifisha rangi yake. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Lifute kwa kitambaa laini, ulifunge, uliweke gizani."

"Rangi itarudi?"

"Iliyokwenda imekwenda, mama. Tunza iliyobaki."

Sonara alipoondoka, cherehani haikulia tena siku hiyo. Fundi alimkumbuka mama yake akimtilia jiwe kiganjani, kucha zimejaa vumbi la mawe. "Zuri hili, mwanangu." Naye alijibu asante, kama mtu aliyeokotewa kifungo.

Aliliosha, akalifuta, akalifunga kwa flaneli na kulitia sandukuni. Karatasi zake akazikandamiza kwa mkasi.

Jumamosi dada yake akaja. "Lete la mama tulitazame."

Fundi alifungua sanduku polepole. Jiwe lilikuwa safi, linang'aa, lakini rangi yake nyepesi kama maji ya kusuuzia.

"Limelala humu tangu tulipopewa," alisema. "Halijui jua likoje."

Dada alifungua pochi, akatoa lake, akaliweka kando ya lile. Lilikuwa zambarau iliyoiva, kama bilingani.

"Mdogo wangu," akauliza taratibu, "sanduku lako lina dirisha?"