Mlaji wa Ampea Kumi na Mbili

Swichi zote zilikuwa chini, na bado jenereta ilikuwa imebeba kitu.

Umutesi, fundi wa umeme, aliujua mlio huo. Injini isiyo na mzigo hupumua kwa wepesi. Hii, tumboni mwa boti ya abiria iliyofungwa gatini Gisenyi, ilikoroma kama mtu anayepandisha gunia la viazi mlimani Nyakiriba. Mshale wa masafa ya umeme, unaopaswa kusimama hezi hamsini, ulikuwa arobaini na sita. Volti nazo zimelegea. Alikwisha kagua gavana ya kudhibiti mwendo wa injini, chujio la dizeli, kidhibiti volti. Vyote vizima.

Mwishowe akabana kipimo kwenye kebo iliyokatwa zamani, ncha yake imefungwa utepe, isiyokwenda popote. Ampea kumi na mbili. Akaigusa kwa nyuma ya kiganja, kama mafundi wafanyavyo. Ilikuwa na joto la mkono wa mtu, na ikanuka tope la chini ya ziwa.

"Yaya, ni nini?" akauliza Gad, mdogo wake, mwendesha mashine.

"Iko kitu inakula."

Mkaguzi Rutagengwa, aliyekulia Tanzania na kurudi na Kiswahili safi, alisubiri juu na mihuri yake minne. Bila kibali siku hiyo, Gad hakuwa na kazi.

"Ampea zipo, mlaji hayupo," alisema walipopanda na kumweleza, akigonga fomu kwa kalamu. "Hapa panataka jina."

"Shefu, hakuna kitu imefungwa pale."

"Fomu haina nafasi ya 'hakuna', dada."

Gad akacheka. "Andika mi. Si mi ndo nalalaga humu?"

Bizumuremyi, mwenye boti, akakohoa, akatazama maji. "Bon. Andika tu."

Umutesi akaandika: Gad Hakizimana. Wino haujakauka, mshale kule chini ukapanda hamsini, ukasimama wima kama askari wa zamu pale mpakani, Grande Barrière. Muhuri ukagongwa.

"Nasikia baridi," alisema Gad waliposhuka.

Umutesi akazima injini, na Gad akaanguka palepale, midomo imegeuka buluu, kifua kimya, naye akamwita, akampiga makofi, akamkandamiza kifua akihesabu, akahesabu tena, na harufu ile ya tope ikazidi hadi ikawa kama wamekaa ndani ya maji, mpaka mkono wake, kabla hajauamuru, ukaminya kitufe cha kuwasha, injini ikanguruma, na Gad akavuta pumzi kama mtu anayeopolewa ziwani.

"Usizime," Bizumuremyi alinong'ona kutoka kwenye ngazi. "Ile kitu inakulaga mwenye jina yake iko kwa karatasi. Yule wa kwanza, kule Goma, walizima, akakufa. Donc..."

"Ulijua."

"Papiers za boti zilikuwa muzuri."

Dizeli iliyobaki ilikuwa ya robo saa. Umutesi akapanda.

"Shefu, nilikosea jina."

"Kufuta hakuruhusiwi," alisema Rutagengwa, kwa upole wa mtu anayeipenda kanuni yake. "Fomu mpya hubatilisha ya zamani. Na mwenye chombo asaini."

Umutesi akaandika polepole, kwa herufi kubwa. Bizumuremyi alikuwa na desturi ya matajiri wa gati lile: kusaini bila kusoma, mkaguzi asije akadhani anashukiwa. Akasaini juu ya goti. Muhuri.

Chini, Gad akaketi, akaomba maji. Juu, Bizumuremyi akajikunyata ndani ya koti lake.

"Mbona baridi hivi? Binti, uliandika nani?"

Umutesi akashuka. Alimshika Gad mkono, akamtoa hadi gatini, akamkalisha juani. Kisha akarudi peke yake chini, akaweka kidole kwenye kitufe, akazima.

Juu ya kichwa chake kitu kizito kikaanguka.

Injini ilikuwa kimya, swichi zote chini. Mshale ukashuka taratibu, si hadi sifuri bali arobaini na sita, ukasimama hapo, ukingoja.

"Dada," ikaja sauti ya Rutagengwa, "mwenye chombo ameanguka, hapumui. Fomu ya marehemu haifai. Njoo tujaze nyingine."