Tayari ya Uongo

"Umeosha sufuria?" mama aliuliza kutoka chumbani, akifunga vifungo vya koti lake jeupe la maabara.

"Tayari!" alijibu Sikio, huku akiisukuma kwa mguu sufuria yenye ukoko chini ya meza.

Walimwita Sikio kwa sababu hakuna kilichompita: bomba linalovuja kwa jirani, gitaa lililolegea uzi mmoja, hata minong'ono ya dawati la nyuma. Asubuhi hiyo hakuwa na muda wa ukoko. Klabu ya sauti ya shule yao ilikuwa inakaribia kumaliza wimbo wa kuwaaga wanafunzi wanaohitimu, na ngoma zote za wimbo huo alizitunga yeye.

Klabu ilitumia programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kusoma zilivyoandikwa na kuzirekebisha. Moja ilinasa sauti za waimbaji, ya pili ilipiga kinanda, ya tatu ilipiga ngoma. Tatizo ni kwamba kila moja ilihifadhiwa kivyake. Ukisahau moja, kesho wimbo unafunguka kilema. Ndiyo maana wanaklabu walikaa kuchagua utaratibu mmoja wa kufuatwa na wote. Wengine walitaka kila mtu aendelee kuhifadhi kazi yake mwenyewe. Sikio alipigania utaratibu wa msimamizi: programu moja inayoziamuru nyingine zote zihifadhi kazi kwa pamoja, na kila moja ikishamaliza inajibu, "Tayari."

"Na isiyojua kujibu?" aliuliza Twiga, msichana mrefu aliyependa ubishi kuliko chakula.

"Tunaifundisha," alisema Sikio. "Si ni programu huria?"

"Ya ngoma niachieni mimi," alidakia Kasi.

Kasi alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Walikua pamoja kama chanda na pete, wakagawana hadi surua. Siku ya kura alimwinamia Sikio na kumnong'oneza, "Dada, mimi niko nyuma yako." Kura yake ndiyo iliyoleta ushindi. Haukupita muda, programu ya ngoma ikawa inajibu "Tayari" kama nyingine. Klabu nzima ilimpigia Kasi makofi, na Sikio alipiga kuliko wote.

Tangu hapo kompyuta ya klabu ilikuwa haijazimwa, wala programu zake hazijafungwa. Siku moja kabla ya asubuhi ile ya sufuria, mwalimu wa klabu aliizima ili aisafishe vumbi. Asubuhi hiyo walipoufungua wimbo, sauti zilikuja. Kinanda kikaja. Ukurasa wa ngoma ukafunguka mtupu, kama uwanja wa shule wakati wa likizo.

"Ngoma ziko wapi?" aliuliza mwalimu.

"Muulizeni bibi msimamizi," alisema Twiga. "Si ndiye aliyetuletea utaratibu wake? Tungehifadhi wenyewe tusingekuwa hapa!"

Sikio alimgeukia Kasi. Kasi alikuwa anazitazama kamba za viatu vyake.

"Wanaotaka tuutupe utaratibu huu wainue mikono," alisema Twiga.

Mikono ikainuka mmoja mmoja. Wa mwisho, polepole, ukainuka wa Kasi.

Sikio aliutazama mkono huo hadi uliposhushwa. Hakulia. Wakati wa mapumziko alirudi peke yake kwenye chumba cha kompyuta, akaziamuru programu zihifadhi, moja baada ya nyingine. Ya kunasa sauti ilipoamriwa, mashine ilikwaruza kidogo kwa ndani, kama kawaida yake inapoandika, ndipo jibu likaja. Ya kinanda nayo ikakwaruza, ikajibu. Ya ngoma ilijibu papo hapo, na mashine haikutoa hata mkwaruzo. Akapanga mapigo machache, akaamuru tena, ikajibu "Tayari" kwa furaha ile ile. Akaifunga, akaifungua. Tupu.

Alimkuta Kasi kwenye bomba la maji.

"Kasi, programu yako inahifadhi wapi?"

"Si inajibu tayari?"

"Sijakuuliza inajibu nini. Inahifadhi wapi?"

Kasi alifunga bomba, akalifungua, akalifunga tena. "Haihifadhi. Kuifundisha kujibu kulikuwa rahisi. Kuhifadhi kulinishinda. Nilisema nitamalizia baadaye."

"Na mkono ulioinua leo?"

"Ningefanyaje, dada? Wote wangenicheka."

"Kwa hiyo ukaona bora nichekwe mimi."

Sikio aliondoka kabla sauti yake haijamsaliti nayo.

Nyumbani mama alimtazama mara moja tu. "Kaa hapo. Lia upesi, kisha uniambie." Alipokwisha kusikia yote, alimtuma mtu kumwita Kasi.

Kasi alifika akaegemea mlango. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Ingia, siumi. Unajua kazi yangu?"

"Kupima damu, mama mkubwa."

"Sawa. Sasa nikichoka, nikaandika kwamba damu ya mtu ni salama bila kuipima, nani atakayeumia? Mimi?"

"Mgonjwa."

"Tena atakwenda nyumbani akitabasamu. Kazi kukushinda si kosa, Kasi. Kusema imekwisha ndilo kosa. Na kumwacha mwenzako abebe mzigo wako, hilo ni baya zaidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho utawaambia wote, na usimung'unye maneno."

Kesho yake Kasi alisimama mbele ya klabu, masikio yakiwaka moto, akasema yote. Wachache walicheka. Twiga hakucheka. "Ungesema tangu mwanzo tungekusaidia, wewe," alifoka, akavuta kiti karibu na kompyuta. Kwa msaada wake na wa mwalimu, programu ya ngoma ilijifunza kuhifadhi kweli. Utaratibu wa msimamizi ukarudishwa, na sharti jipya likaongezwa: programu isiyoweza kuhifadhi ijibu "Bado." Sikio alianza kuzitunga ngoma zake upya. Kasi aliposogeza kiti aketi kando yake, Sikio aliweka mkoba wake juu ya kiti hicho.

Jioni mama aliuliza, "Umemsamehe ndugu yako?"

Sikio alifikiri. "Bado, mama."

"Vizuri. Jibu hilo nalipokea. Bado ya kweli unaweza kuisubiri, mwanangu. Tayari ya uongo inakungoja yenyewe, gizani, mpaka ujikwae." Akanyoosha mguu chini ya meza, akaivuta sufuria yenye ukoko. Sisimizi walikuwa wamekwisha kuizunguka. "Hii nimeiacha tangu jana, nione kama itajiosha."

Sikio alikunja mikono ya sare yake, akaibeba sufuria hadi kwenye karo.

"Umemaliza?" mama aliuliza baada ya muda.

"Bado!" alijibu Sikio, akiendelea kusugua.