Baba Pacha Agawa Namba za Mtandao

Baba Pacha na mkewe waliendesha hosteli ya wanafunzi wa uuguzi. Baba huyu kila kitu aligawa sawasawa. Ukiwa na pacha, mmoja akizidishiwa hata tonge, nyumba haikaliki! Basi walipoingiza mtandao, akaugawa vivyo hivyo, sehemu nne zilizolingana: mabweni, darasa, kamera na akiba.

Asubuhi moja alikuwa akipiga deki ukumbini. Mwanafunzi akamjia, simu mkononi.

"Baba, mtandao umenikataa tena. Mtihani wetu wa mtandaoni ni leo mchana. Nikiukosa, narudia mwaka!"

"Mbona mwenzako kaingia?"

"Sijui. Anayewahi kuamka ndiye anayeingia."

Baba Pacha akazima kisanduku cha mtandao, akakiwasha. Wapi! Walioingia wakatoka, waliokuwa nje wakaingia. Akabaki kujikuna kichwa. Mama Pacha akamwita mdogo wake, fundi wa mitandao.

"Shemeji, kitendawili!" fundi akasema baada ya kukikagua kisanduku.

"Tega."

"Vyumba vitupu tele, wapangaji wamelala nje."

"Nyumba ina mzimu?"

"Ni mtandao wako!"

Fundi akaeleza. Kila simu inataka namba yake. Mtandao huu una namba 256, kuanzia 0 hadi 255. Ukigawa mara nne, kila sehemu inapata 64. Ya kwanza ni ya kuitambulisha sehemu, ya mwisho ni ya kuwaita wote. Hizo hazipewi simu. Zinabaki 62, na moja inachukuliwa na kisanduku.

"Mabwenini kuna simu mia moja, shemeji. Kamera ziko ishirini tu, zimekalia namba bure."

"Kumbe! Basi naongeza za mabweni."

Baba Pacha akaandika kwenye mipangilio ya kisanduku: kamera 0 hadi 31, mabweni 32 hadi 159. Kisanduku kikakataa.

"Sasa kimenuna nini? Si 128 hizo?"

"Ni 128, lakini umeanzia pabaya." Fundi akachukua shuka aliyokuwa akiikunja dada yake. "Kunja katikati. Nusu ni 128. Anza na mwenye watu wengi: mabweni, 0 hadi 127. Nusu ya pili ikunje tena, upate 64. Hizo za darasa, 128 hadi 191. Kunja tena: 32 za kamera, 192 hadi 223. Zilizosalia ni akiba. Kila kipande kinaanzia kwenye mkunjo. Wewe uliuvuka mkunjo."

"Yaani nisigawe sawa?"

"Gawa kwa haja."

"Kichwa kinazunguka, shemeji."

"Kizunguke, mkono uandike!"

Mama Pacha akacheka mpaka akaketi. Mumewe akaandika, akifuata mikunjo kwa kidole. Safari hii kisanduku kikakubali. Wakakizima, wakakiwasha, kila simu ikapata namba mpya.

Mchana, Baba Pacha akachungulia bwenini. Akamwona yule mwanafunzi kitandani, kainamia simu.

"Mwanangu, umeingia?"

Kidole cha msichana kikabofya simu.

"Nauliza, mtandao umekubali?"

Msichana akainua kiganja kumnyamazisha. Alikuwa anajibu swali la pili la mtihani.