Mgeni wa Jumatatu

Jumba la makumbusho la Bwana Phineas, huko Maryland, hufungwa kila Jumatatu, na geti hutiwa kufuli. Kwa hiyo mlango wa mbele ulipogongwa mara tatu, saa tisa mchana kweupe, Bupe mfanya usafi angeshtuka kwanza. Wapi! Mtu wa Tukuyu yule, dekio mkononi, akaitika kama angeitika kwao: "Karibu, pita ndani!"

Hakupita mtu. Ila harufu ya tumbaku mbichi iliingia, na kiti kimoja cha mezani kikasogea chenyewe.

Nikwambie ukweli, hofu yake ilichelewa. Tangu mumewe afariki, miaka mitatu sasa, hakuna aliyegonga mlango wake kule Adelphi. Mwanawe Ryan yuko Bowie, si mbali kwa gari, naye hutuma ujumbe tu: "Busy, Mom. Next week." Upweke ni ugonjwa, jamani! Basi kila Jumatatu mlango uligongwa, Bupe akakaribisha, na ile harufu ikakaa naye akipiga deki.

Habari za Phineas zimeandikwa ukutani. Alikuja enzi za ukoloni wa Waingereza, kijana hana mbele wala nyuma, akauza tumbaku, kisha akauza watu, weusi kama Bupe. Alipotajirika akautaka na uheshimiwa. Siku hizo mpiga kura alisimama mbele za watu akataja jina la mtu wake kwa sauti. Mwaka wa kwanza walimtaja, akashinda. Uchaguzi wa pili hakutajwa na hata mmoja. Akajifungia humo humo mpaka akafa, na mazishini hakuja mtu.

Jumatatu ya nne, kiti kikanong'ona: "Nitaje."

Bupe alitaka kukimbia lakini ile harufu ikampanda puani ikamshuka kooni, na viti vyote vikaanza kugeuka kimoja kimoja kumwelekea, na sauti ikarudia nitaje, nitaje, kama mtoto anayelilia kubebwa, mpaka akahisi jina limemfika ulimini, ndipo akauma meno na kutoka mbio.

Akampigia simu Mzee Anatoli wa Annandale, mjuzi wa mambo hayo.

"Mwanangu, ulimkaribisha?"

"Nilimkaribisha, baba. Mara nne."

"Mungu wangu! Mgeni uliyemkaribisha hafukuzwi, husindikizwa. Mtoe mpaka getini, umuage, ugeuke. Ila jina usilitaje. Ukilitaja umemchagua, na hatatoka tena."

Jumatatu iliyofuata akafungua mlango, akatangulia, harufu ya tumbaku ikamfuata nyuma.

"Uliuza watu," akamwambia kwa hasira, "leo unaniomba mimi kura? Huna haya!"

Getini akasikia kilio cha chini, cha mzee. Huruma ikamwingia, mjinga yule.

"Haya, kwaheri," akasema. Na mdomo, uliofunzwa adabu na mama yake, ukamalizia wenyewe: "Karibu tena."

Jioni ile, kule Adelphi, mlango wake uligongwa mara tatu.

"Ryan!" Bupe alipiga kelele kwa furaha, akakimbia kufungua. Nje hapakuwa na mtu. Nyuma yake kiti cha marehemu mumewe kikasogea.

Simu ikalia mfukoni. Busy, Mom. Next week.

Bupe aliirudisha simu mfukoni. Kisha akafunga mlango, akaenda jikoni, akatoa vikombe viwili, na kwa sauti ya kusikika akamwita mgeni wake kwa jina.