Usimmalizie Maneno

Kantini ya hospitali ya jeshi huwa haina adabu wakati wa chakula cha mchana. Wauguzi wanasukumana na madereva, wagonjwa wa magongo wanataka kupishwa, na wageni hawajui foleni inaanzia wapi. Katika vurugu hiyo, kijana mmoja mwenye ovaroli ya buluu iliyojaa madoa ya grisi alinunua glasi kubwa ya juisi, akageuka kwa haraka, na kumwagia nusu yake dada aliyesimama nyuma yake. Gauni la dada huyo lilikuwa la rangi ya haradali, jipya, na lilimkaa vizuri mno kustahili balaa kama hilo.

"Samahani sana, dada yangu! Mikono hii imezoea kushika spana."

"Na macho yamezoea kushika nini?"

Kijana alicheka, akampa leso yake. "Gauni nitalifua mwenyewe. Ila niruhusu niwahi, hii iliyobaki ni ya mdogo wangu. Yuko wodi ya majeruhi wa kichwa."

Dada aliacha kujifuta. Akamnyang'anya glasi. "Hii humpi."

"Dada, nimeomba radhi. Juisi ya mgonjwa imekukosea nini?"

"Mgonjwa wako ni Koplo, siyo? Mmechukua pua moja. Koplo bado anapaliwa na vitu vyepesi. Hii ikiingia mapafuni, utakuja kulia hapa. Mpe uji mzito, kijiko kidogo kidogo, akiwa ameketi wima."

"Kumbe wewe ni daktari?"

"Mimi namfundisha kumeza na kusema. Askari wananiita Afande Ulimi, na ole wako na wewe uniite hivyo."

"Sawa, Afande."

Dada alitaka kukasirika, akashindwa.

Kijana alikuwa fundi wa mafriji, na Koplo alikuwa ndugu yake pekee. Lori la jeshi lilipinduka mazoezini, Koplo akaumia upande wa kushoto wa kichwa. Akili yake ilikuwa nzima. Alimtambua mama yake, alielewa kila alichoambiwa, aliweza kuhesabu hadi kumi kama anayeimba, na matusi yalimtoka bila kikwazo. Lakini ukimwonyesha kijiko na kumuuliza kinaitwaje, jasho linamtoka. Neno analijua, analiona, ila halifiki mdomoni.

Fundi aliomba kuhudhuria somo. Afande Ulimi akaweka mezani kijiko, ufunguo na kitana, akaonyesha kitana.

"Ki..." alisema Koplo. "Ki... ki..."

"Kitana!" alidakia Fundi.

Koplo akatazama sakafu.

"Umemsaidia," aliuliza dada yule, "au umemnyang'anya?"

"Alikuwa anateseka."

"Alikuwa anafanya kazi. Usimmalizie maneno, Fundi. Hata akichukua mchana kutwa. Kaa, uma midomo, subiri."

Fundi aliona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyomfungua macho. Alianza kumtazama mwanamke yule anavyosubiri: hakunji uso, haangalii saa, kana kwamba neno la Koplo lina thamani kuliko shughuli zote za mjini. Hapo ndipo ilipokwisha habari yake.

Zikaanza simu za jioni.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nasikiliza sauti yako."

"Hiyo haishibishi."

"Basi kesho nije kukagua friji ya ofisini kwenu."

"Friji yetu ni nzima, Fundi."

"Najua. Nataka kuihoji. Kwa nini yenyewe inakuona kutwa na mimi sikuoni?"

Afande alicheka mpaka dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, akapiga ukuta na kuuliza kama kuna mtu anayechekeshwa kwa zamu.

Lakini alipokata simu, kicheko kiliisha. Kanuni ya kazi yake ilikuwa wazi: huwezi kumtibu mtu huku una mapenzi na ndugu yake. Utaogopa kuiambia familia ukweli mchungu, au utaandika kuwa anaendelea vizuri kwa sababu unataka iwe hivyo. Akimchagua Fundi, ampoteze Koplo, mgonjwa ambaye aliokota naye maneno moja moja kwa miezi mingi. Akibaki na Koplo, Fundi aende zake. Alilitafuna jambo hilo mpaka likamkosesha usingizi. Kisha akaenda kwa mkuu wake, akaomba Koplo akabidhiwe kwa mwenzake, mzee mpole wa miwani minene.

Alitaka Koplo awe wa kwanza kujua, maana ilikuwa haki yake. Akamchorea watu watatu kwenye karatasi. Akavuta mstari kati yake na Koplo, akaukata. Akavuta mwingine kati yake na Fundi, akachora moyo juu yake. Koplo alicheka mpaka akashika kichwa. Halafu akaelewa anachokipoteza, machozi yakamlengalenga.

"Sawa," alisema. Lilitoka lote, safi.

Fundi alipofika mchana huo, Koplo hakuweza kungoja. "A... Afande. Ameni... ameni... acha."

"Amekuacha?"

Koplo alitikisa kichwa kukubali. "Kwa... kwa sa..."

"Kwa sababu huponi?"

"Ha... kwa..."

"Basi, mdogo wangu, usijitese. Nimeelewa. Wamekuchoka." Akamkumbatia kwa nguvu, na maneno yote ya Koplo yakaishia kwenye bega la ovaroli. Ndivyo ilivyo, kiherehere cha kumpenda ndugu kilikuwa kimemrudia, na Afande hakuwepo kumkanya.

Jioni simu ikaita. Sauti ya mwanamke ilikuwa ndogo, yenye haya.

"Koplo ameshakuambia?"

"Ameniambia."

"Na wewe... unasemaje?"

"Nasema afadhali umejionyesha mapema. Usitupigie simu tena."

Fundi akakata. Afande aliyejua kuliko wote jinsi maneno ya Koplo yanavyochelewa, jioni ile alisahau. Alichosikia ni kwamba amejitoa mzima mzima kwa mwanamume, na mwanamume amemkataa. Alilia, akanawa uso, na kesho yake akaenda kazini kama kawaida.

Kazini ndiko kulikokuwa kugumu. Kila alipopita mlango wa mzee wa miwani alisikia sauti ya Koplo ikihangaika ndani, na miguu ilitaka kuingia yenyewe. Hakuingia. Alitembea hadi mwisho wa korido akijiona mjinga aliyetupa vyote viwili.

Fundi naye hakuwa na raha. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa anamkumbuka mtu. Siku moja aliketi katika somo la mdogo wake, akitazama nje dirishani, wakati Koplo alipomgonga goti.

"Aliniacha..." alianza Koplo.

"Yamepita hayo, tuachane nayo."

"Wewe kijana," alisema mzee, "nyamaza."

Fundi akanyamaza. Koplo akafumba macho, akameza mate, akaanza upya. Mishipa ya shingo ilimsimama. "Aliniacha... kwa... kwa sababu... yako." Akapumua. "Anakupenda."

Fundi alimgeukia mzee. Mzee akavua miwani na kuifuta. "Kanuni haziruhusu kumtibu shemeji," alisema. "Nilidhani unajua."

"Mjinga," aliongeza Koplo, na hilo lilitoka bila kugugumia hata kidogo.

Jumamosi Fundi alimkuta Afande kibarazani kwa dada yake, ameketi kwenye mkeka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imesimama wima. Fundi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kwa mara ya kwanza kucha zake hazikuwa na grisi.

"Nani kakuelekeza hapa?"

"Mzee wa miwani. Nimemsumbua mpaka kachoka."

"Ndiye huyu?" aliuliza dada mkubwa, vidole vikiendelea. "Mbona ulisema mrefu?"

"Nilidhani umemkatia tamaa mdogo wangu," alisema Fundi. "Nilimkatiza, sikumwacha amalize. Nimekukosea sana."

"Ulidhani mimi ni mtu wa hivyo?"

"Nilidhani. Sina cha kujitetea."

Machozi yalimtoka Afande mbele ya watu wote wawili, na hakuyaficha. "Koplo ametamka sentensi nzima, sivyo? Nimeambiwa. Miezi yote ile naingoja, na siku ilipotoka mimi nilikuwa chumba cha pili. Niliikosa kwa ajili yako, nawe ukaniambia nisipige simu."

"Siku hiyo siwezi kukurudishia," alisema Fundi. Alipiga magoti pale pale kwenye saruji. "Lakini nakupenda, na nataka kukuoa. Kama bado unanitaka."

Fundi aliuma midomo, akasubiri.

"Mjibu mtoto wa watu," alisema dada mkubwa. "Mikono inaniuma."

"Nakutaka," alisema mwishowe. "Ila hasira zangu hazitaisha leo."

"Nitaishi nazo."

Simu ya Fundi ikaita mfukoni. Akaitazama, akatabasamu, akampa Afande. Naye akaiweka sikioni. Upande wa pili kulikuwa kimya, kisha pumzi, kisha mtu akivuta midomo kutafuta pa kuanzia. Pumzi ile aliijua. Mkono wake ukatulia juu ya goti, akasubiri.

"She..." ilisema sauti. "She... shemeji."

Hakuwahi kumfundisha neno hilo. Katika picha zake zote za kufundishia halikuwemo, wala yeye hangethubutu kuliweka. Koplo alikuwa amelitafuta peke yake.

"Sema tena," alimnong'oneza, na safari hii halikuwa zoezi.