Vijiti vya Bukwi na Ushuru wa Karanga

"Mama Masele, hivi karanga zetu zimewakosea nini Warundi?"

Swali hilo aliliuliza Mageni, mwanamke jirani, asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka wa hamsini na tatu. Paskazia, ambaye jirani walimwita Mama Masele, alikuwa amekaa uani kwake Nyahanga, akipepeta karanga. Hakuinua kichwa.

"Zimewakosea vipi?"

"Hawazitaki tena. Wamezipandishia ushuru pale mpakani. Bwana Eustace anasema muda si mrefu mpaka wenyewe utafungwa."

"Eustace yule mwenye lori bovu?"

"Bovu, lakini linafika Urundi. La mumeo linafika wapi?"

Wakacheka. Kisha Paskazia akauweka ungo chini.

"Na wewe umefanyaje?"

"Nimemwuzia zote jana. Kanipa nusu ya bei ya mwaka jana. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Paskazia akaokota ungo tena. Mtu aliyeleta habari za msiba huku ameshika magunia matupu hakumpendeza hata kidogo.

Mchana Eustace mwenyewe alifika. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia nzuri na maneno laini. Bujiku, mume wa Paskazia, akampa kiti.

"Baba Masele, nimekuja kama ndugu," alisema Eustace. "Wenzako wameuza. Ushuru umepanda, na mpaka unafungwa. Karanga zako zitakuwa chakula cha panya."

"Na wewe utazipeleka wapi?" aliuliza Paskazia kutoka mlangoni.

Eustace alicheka. "Mama, hayo ni mahesabu ya wanaume wa barabarani."

Bujiku naye akacheka, ila kicheko chake hakikuwa na nguvu. Alikuwa na haja kubwa. Mwanawe Masele, aliyekuwa akifanya kazi mgodini upande wa Geita, alikuwa amemchumbia Apolonia, binti wa mzee Maganga. Kikao cha kwanza cha bukwi, yaani mahari ya ng'ombe, kilikuwa kimekwisha. Cha pili, cha kukabidhi ng'ombe, kilikuwa mbele. Ng'ombe wengi wa Bujiku walikuwa wamekufa kwa maradhi mwaka uliotangulia. Zile karanga zilizojaa vihenge viwili ndizo zingenunua ng'ombe. Angezitupa kwa nusu ya bei, kijana asingeoa; lakini zikiliwa na panya, asingepata hata hiyo nusu.

"Njoo Jumamosi," Bujiku alimwambia Eustace. "Utapakia."

Paskazia aliingia ndani akapiga ishara ya msalaba. Moyo wake ulimwambia kuna kitu kimefichwa, lakini hakujua ni kitu gani.

Kesho yake alikwenda kwa mzee Donatus. Huyu alikuwa Msumbwa, aliyepima mizigo katika forodha ya mpakani kwa miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa amestaafu, akifuga nyuki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Masele. Leo umekuja na uso wa hakimu."

"Nimekuja kuuliza. Ushuru ni nini hasa? Niambie kama unavyomwambia mtoto."

Donatus alivuta kigoda. "Ni malipo ambayo serikali hutoza bidhaa za nchi nyingine zinapoingia kwake. Karanga zako zikifika mpakani, mwenye kuziingiza hulipa kwanza. Ndipo lori huruhusiwa kupita."

"Basi analipa Eustace. Mimi hainihusu."

"Mkono unaolipa ni wa Eustace. Lakini akishalipa atakupunguzia wewe bei huku, na kule atampandishia bei Mrundi anayenunua. Ushuru hulipwa mahali pamoja, uchungu wake hutembea pande zote mbili."

"Kwa nini wameupandisha mwaka huu? Karanga ni zile zile."

"Karanga hazina kosa. Wale wanataka mawese yao na vitenge vyao viingie kwetu kwa ushuru mdogo. Serikali ya huku haikukubali. Basi wakashika karanga, maana wanajua tunazitegemea. Wa huku nao wakapandisha ushuru wa vitenge. Kila mmoja ameshika kitu ambacho mwenzake anakitaka, ili wakutane waseme."

"Huo si ugomvi?"

"Ni ugomvi unaotafuta kikao."

"Na kikao kikishindikana?"

"Hapo ushuru unabaki juu. Biashara inalala, na wa huku na wa kule wote wanaumia. Sikufichi. Ni chombo chenye makali pande mbili."

Paskazia alimtazama sana. "Mzee, usinikasirikie. Wewe ulikula mshahara wa forodha. Nitajuaje kwamba husemi maneno ya mabwana zako?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Vizuri sana! Usiniamini. Nenda bomani, tangazo limebandikwa ubaoni. Mtafute msomaji asiyenijua mimi wala asiyemjua Eustace. Akimaliza, mpe na mwingine asome."

Paskazia alikwenda siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe alisoma kidogo kidogo, herufi kubwa tu. Alimwomba karani amsomee. Karani akasoma. Kando ya ubao alimkuta Ghati, mkunga mgeni kutoka upande wa Musoma, akamwomba naye asome. Maneno yalikuwa yale yale. Ushuru wa karanga umepanda upande wa Urundi. Ushuru wa vitenge na mawese umepanda upande wa Tanganyika. Na chini kabisa: wajumbe wa pande mbili watakutana mwisho wa mwezi wa saba kuzungumzia ushuru wote huo.

"Na kufungwa kwa mpaka kumeandikwa wapi?" aliuliza Paskazia.

Ghati alipitisha kidole ubaoni, mstari kwa mstari. "Hapa hakuna neno kama hilo, mama."

Njiani Paskazia aliyarudia maneno ya Eustace moja moja. Ushuru kupanda, hilo lilikuwa kweli. Lakini mpaka kufungwa aliliongeza mwenyewe, na mkutano aliumeza.

Alipofika nyumbani alimweleza mumewe. Bujiku alikunja uso.

"Serikali mbili zinavutana, na wewe unataka nikae katikati na vihenge vyangu? Unajuaje kama watapatana?"

"Sijui."

"Basi! Jumamosi tunauza."

Paskazia hakubishana. Alinyoosha mkono akachomoa fungu la vijiti kutoka kwenye nyasi za paa. Vilikuwa vijiti vya kikao cha kwanza cha bukwi. Desturi yao ilikuwa hivi: hawataji ng'ombe kwa mdomo, wanaweka vijiti chini, kijiti kimoja ng'ombe mmoja. Bujiku alikuwa amevihifadhi.

Paskazia akavipanga mbele ya mumewe.

"Baba Masele, siku ile mzee Maganga aliweka vingapi?"

"Thelathini. Hana aibu yule!"

"Ulirudi nyumbani ukauza shamba?"

"Niuze shamba kwa nini? Lile lilikuwa neno la kwanza tu. Msemaji wetu aliondoa vijiti kumi na tano. Wakanuna, wakakataa pombe yetu. Na sisi tukasema kama ni hivyo majembe na mbuzi wa mama mkwe havipo. Wakashtuka. Wakarudisha viwili, tukaongeza kimoja..."

Alivitazama vile vijiti.

"Endelea," alisema Paskazia.

"Unataka kusema ule ushuru ni vijiti thelathini vya Maganga."

"Mimi sisemi kitu. Nauliza tu. Ingekuwaje kama siku ile, kabla msemaji wetu hajagusa kijiti, angekuja mtu akakwambia, 'Bujiku, thelathini ndiyo mwisho, binti hapatikani, nipe mimi ng'ombe wako kwa bei ya mbuzi'?"

Bujiku alipiga paja. "Ningemfukuza kwa fimbo!"

"Usimfukuze. Mwambie asubiri."

Lakini hawakukaa tu kungoja bahati. Donatus alikuwa amemwambia Paskazia kwamba Shinyanga kuna mashine ya kukamua mafuta, nayo hununua karanga bila kuuliza habari za mpaka. Bei yake si kubwa, lakini inapita ya Eustace. Wakapeleka magunia manne huko kwa mahitaji ya nyumbani. Zilizobaki wakazianika tena mpaka zikalia kama kokoto, wakaviinua vihenge juu ya mawe ili panya wasifike, wakatenga na mbegu. Kisha wakazungumza na nyumba tano za jirani. Wakakubaliana kwamba asiwepo wa kuuza peke yake kwa kuogopeshwa.

Jumamosi Eustace alikuja na lori. Bujiku akamwambia, "Bwana, tunasubiri mkutano."

Uso wa Eustace ulibadilika. "Mkutano gani? Nani amekudanganya?"

"Ubao wa bomani," alisema Paskazia.

Eustace akaondoka na lori tupu. Alikwenda akisema kwa sauti kwamba watu wa Nyahanga wana vichwa vya mawe.

Siku zile za kungoja zilikuwa ngumu. Mzee Maganga alituma neno: je, Masele bado anataka mke, au amefunga ndoa na karanga? Watu walicheka kilabuni. Bujiku hakulala vizuri. Paskazia naye alianza kujitilia shaka. Alikwenda kusali kila alfajiri, kisha alipita bomani kuutazama ubao, kisha alirudi kuingiza mkono kihengeni kuona kama wadudu wameingia. Alimtilia shaka Eustace, akamtilia shaka Donatus, na siku nyingine alimtilia shaka Paskazia mwenyewe.

Wiki ya pili ya mwezi wa nane tangazo jipya lilibandikwa. Alijaribu kulisoma mwenyewe, polepole. Kisha, kama kawaida yake, akamwomba Ghati alisome tena. Wajumbe walikuwa wamekutana. Urundi imeshusha ushuru wa karanga. Tanganyika imeshusha ushuru wa vitenge na mawese. Haukurudi chini kama zamani, lakini ulikuwa umeshuka sana.

"Hata Maganga hakushuka mpaka kumi na tano," alisema Bujiku. "Siku ile alikomea kumi na tisa."

Nyumba zile sita zikauza pamoja kwa mfanyabiashara mwingine, Valerian, aliyekubali kuonyesha stakabadhi yake ya ushuru kabla ya kutaja bei. Bei ilikaribia ya mwaka jana. Kikao cha pili cha bukwi kikafanyika, ng'ombe wakaswagwa hadi kwa mzee Maganga, na siku ya harusi ikatangazwa kanisani.

Siku ya kupakia, uwanja wa Bujiku ulijaa magunia. Mageni alikuwepo. Hakuwa na karanga za kuuza, ila alikuja kumsaidia jirani yake kushona midomo ya magunia. Tangu auze, alikuwa akisema kila mara kwamba Bwana Eustace naye kapata hasara, maskini, na kwamba wote walishikwa na ushuru ule ule.

Mara Eustace akaingia na kofia yake.

"Mwadila, jamani!" alisalimu kwa Kisukuma. "Nimesikia mnauza. Kwa nini mniruke mimi ndugu yenu? Nami natoa bei nzuri sasa."

"Umechelewa, bwana," alisema Bujiku. "Zimeshapata mwenyewe."

"Hata gunia mbili? Lori langu halijajaa. Linaondoka kesho kwenda Urundi."

"Limebeba nini?" aliuliza Paskazia.

"Karanga, mama. Safi kabisa. Za huku huku kwenu, zile za mwezi wa sita. Nilizihifadhi vizuri stoo, nikingoja wakubwa wapatane." Eustace alicheka, akijisifu. "Biashara ni kujua kungoja."

Hakuwa amemwona Mageni nyuma ya magunia.

Mageni aliichomeka sindano kwenye gunia, akainuka, akakung'uta maganda kwenye kanga yake. Alimtazama Eustace mara moja, kuanzia kofia hadi viatu. Kisha akapita mbele yake, akatoka uani.